Naambiwa mimi ni mtu wa huduma: je, naweza kuwa mtafiti wa mbinu za majaribio ya tiba?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mtakwimu katika kitengo kinachoendesha majaribio ya tiba. Nina shahada ya uzamili na kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa. Utafiti unapoanza, mimi ndiye ninayekokotoa ukubwa wa sampuli, ninayeandaa orodha ya kugawa washiriki kwa bahati nasibu, ninayeandika mpango wa uchambuzi, na mwishoni ninayetoa majedwali yote yanayoonekana kwenye makala. Kazi naipenda sana. Bodi ya ufuatiliaji wa data, ile inayochungulia matokeo utafiti ukiendelea ili kulinda washiriki, ikinibana kwa maswali magumu, narudi nyumbani nimechoka lakini moyo umetulia.

Kinachonisumbua ni kwamba machoni pa wenzangu kazi yangu inaishia kwenye jedwali. Jina langu huwekwa katikati ya orodha ndefu ya waandishi, na mara nyingine huishia kwenye shukrani. Nilipomwambia mkuu wangu kwamba ningependa kufanya utafiti wangu mwenyewe kuhusu mbinu za majaribio ya tiba, alinijibu mbele za watu: "Wewe uko upande wa huduma. Utafiti waachie watafiti." Sikumjibu, ila neno lile limenikaa.

Nikupe mfano. Hivi karibuni tulimaliza jaribio la dawa ya maumivu sugu. Washiriki walifuatiliwa mwaka mzima, na wengi waliacha kuja kabla ya mwisho. Niliposoma maelezo ya wauguzi niliona walioacha ni wa aina mbili. Wapo waliopata nafuu wakaona hakuna haja ya kurudi. Na wapo walioshindwa kuvumilia kichefuchefu na kizunguzungu, wakaacha dawa ingawa maumivu yalikuwa yamepungua. Mpango wa uchambuzi, ulioandikwa kabla sijakabidhiwa utafiti huo, ulisema kwamba kwa kila aliyetoweka tuchukue kipimo chake cha mwisho na kukihesabu kana kwamba ndicho cha mwisho wa mwaka. Nilipinga, nikaambiwa mpango umeshapitishwa.

Basi usiku, watoto wakishalala, nikaandika programu ya uigaji kwa lugha ya kompyuta ya R, nikabuni washiriki wenye mwenendo kama wa hao wetu. Katika hali nyingi nilizojaribu, faida ya dawa ilionekana kubwa kuliko ilivyo. Katika chache, dawa isiyosaidia chochote ilionekana inasaidia. Nikampelekea mtafiti mkuu. Akasema, "Kazi nzuri, iweke kwenye kiambatisho." Wahakiki wa jarida hawakuuliza lolote. Makala imekubaliwa na inasubiri kuchapishwa.

Sasa nimepata nafasi mbili kwa wakati mmoja. Kazini wanataka kunipandisha niwe mkuu wa kitengo cha takwimu. Na chuo kikuu kimoja kimenipa nafasi ya shahada ya uzamivu katika kundi linaloshughulikia majaribio yanayobadilika njiani kwa kutumia mbinu za Bayes, yaani zile zinazoanza na maoni ya awali na kuyarekebisha kadiri data zinavyoingia. Mada wameshaichagua wao, na ni ya nadharia tupu. Natakiwa kujibu pande zote mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Nina hofu tatu. Hisabati ya ndani niliiacha siku nyingi. Umri nao unakwenda, kwani wanafunzi wa kundi lile wengi ni vijana waliotoka moja kwa moja darasani. Na rafiki yangu daktari ananiambia watafiti wa mbinu huandikiana makala wao kwa wao, hakuna mgonjwa anayenufaika. Je, hii ni kazi ya kweli ambayo mtu anaweza kuijengea maisha? Na kama ni kweli, nishike njia ipi?

Ni mimi,
Mwenye Majedwali


Marahaba, binti yangu.

Umeuliza kuhusu ajira na nitakujibu. Lakini naanza na ile makala, kwa sababu haijachapishwa bado na muda ni mfupi.

Unasema katika hali chache dawa isiyosaidia ilionekana inasaidia. Kinachotakiwa kujulikana sasa ni kama hali hizo zinafanana na yaliyotokea kweli. Hilo kompyuta haikuambii. Kaa na daktari na muuguzi waliowahudumia washiriki hao, uwaulize jambo moja: mtu akiacha dawa hii kwa sababu ya kichefuchefu, baada ya wiki chache maumivu yake huwaje? Wakikujibu kwamba hurudi kama mwanzo, basi kipimo chake cha mwisho ni cha mtu aliyekuwa bado na dawa mwilini. Kukibeba hadi mwisho wa mwaka ni kumpa nafuu ambayo hana. Na kwa kuwa wanaopata kichefuchefu wako zaidi upande wa dawa, upendeleo wote unaelekea upande mmoja.

Ikiwa ndivyo, uchambuzi wako haustahili kufichwa kiambatishoni. Unastahili sentensi mbili tatu ndani ya matokeo na aya moja kwenye mjadala. Mpango uliopitishwa haujavunjwa: uchambuzi mkuu unabaki ulivyo, na wako unaongezwa kama kipimo cha uthabiti wa matokeo, ili msomaji ajue hitimisho linategemea dhana gani. Mwandikie mtafiti mkuu hivyo hivyo, kwa heshima, ukiambatanisha ukurasa mmoja wenye mchoro mmoja. Kama jina lako limo kati ya waandishi, una haki ya kuliomba hilo, na una wajibu pia. Miongozo ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inamtaka kila mwandishi akubali kuwajibika kwa usahihi wa kazi nzima. Makala hiyo itasomwa na madaktari watakaoandika dawa hiyo kwa watu wenye maumivu ya miaka. Hao ndio wanaonifanya nilitangulize hili kabla ya mambo ya cheo na shahada.

Sasa tuje kwa mkuu wako na neno lake la "huduma".

Mwaka 1948 jarida la British Medical Journal lilichapisha matokeo ya jaribio la dawa ya streptomycin kwa kifua kikuu cha mapafu. Wagonjwa walikuwa 107. Kati ya 55 waliopewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 4 walifariki ndani ya miezi sita. Kati ya 52 waliopewa mapumziko peke yake, walifariki 14. Jaribio lile likawa kielelezo kwa vizazi vilivyofuata, na sababu kubwa ni jinsi wagonjwa walivyogawanywa: kwa nambari za bahati nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, daktari asijue mgonjwa anayefuata anaangukia upande gani. Aliyebuni utaratibu huo ni Austin Bradford Hill, mtakwimu, ambaye hakuwa daktari. Ujanani alitamani kusomea udaktari lakini akaugua kifua kikuu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikabidi asome uchumi kwa njia ya posta. Simwoni mtu anayeweza kusema Hill alikuwa upande wa huduma. Mchango wake ulikuwa utafiti wenyewe, maana bila bahasha zile tungebaki tukibishana kama waliopona walikuwa na hali nzuri tangu mwanzo.

Kwa hiyo usijenge uamuzi wa maisha yako juu ya kauli ya mtu mmoja iliyokuchoma mbele za watu. Iliuma, naelewa. Lakini ukienda kusoma uzamivu ili kumwonyesha, utachoka katikati ya safari, kwa sababu yeye hatakuwa anakutazama.

Kazi ya mbinu ni ya kweli, na watu wameijengea maisha yao yote. Ila nataka uone jinsi inavyozaliwa, kwani hapo ndipo penye jibu la barua yako. Chukua suala la kuchungulia data kabla ya utafiti kuisha. Kila bodi hutaka kuchungulia, na ni haki yao, maana hatuwezi kuwaacha washiriki wafe huku jibu tunalo. Mwaka 1969 Peter Armitage na wenzake walionyesha gharama yake: ukichungulia mara 5, na kila mara ukatumia kipimo kilekile cha kukubali nafasi ya kukosea ya asilimia 5, uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwapo unapanda hadi karibu asilimia 14. Ukichungulia mara 10 unafika karibu asilimia 19. Ndipo Stuart Pocock mwaka 1977, kisha Peter O'Brien na Thomas Fleming mwaka 1979, wakatoa mipaka mikali zaidi ya kutumia kila unapochungulia. Zikawa mbinu nzuri, ila zilitaka idadi ya mikutano ijulikane mapema na data ziongezeke kwa vipande sawa. Bodi halisi haziendi hivyo. Mjumbe anasafiri, usajili unakwama, wasiwasi wa usalama unaibuka, na mkutano wa dharura unaitwa. Mwaka 1983 Gordon Lan na David DeMets wakaja na njia ya kupanga jinsi uwezekano huo wa kukosea utakavyotumika kidogo kidogo kadiri taarifa zinavyoongezeka, bila kujifunga kwenye kalenda. Leo nadhani huandiki mpango wa uchambuzi wa jaribio kubwa bila kuwagusa hao.

Angalia kilichowasukuma hao wote: walikutana na jaribio lililokataa kuingia kwenye fomula, na hawakuliacha swali lipoe baada ya ripoti kutoka. Utafiti wa chanjo ya homa ya ini aina ya B nchini Gambia, ulioanza 1986, ulikwenda hivyo hivyo. Chanjo haikuweza kufika nchi nzima kwa siku moja, hivyo ikaingizwa eneo baada ya eneo kwa mpangilio wa bahati nasibu, na ugumu huo wa usambazaji ukageuzwa kuwa muundo wa utafiti. Miaka mingi baadaye watakwimu walikuwa bado wanaandika namna bora ya kuchambua majaribio ya ngazi za aina hiyo.

Na wewe swali lako umeshalipata. Ulipaswa kuniandikia kuhusu njia mbili, ukaandika aya yako ndefu kuliko zote kuhusu wagonjwa waliotoweka. Niliisoma mara mbili kwa furaha kubwa.

Hebu tulifungue. Donald Rubin aliweka msingi mwaka 1976 alipotofautisha data zinazokosekana kwa namna isiyohusiana na chochote, zile ambazo kukosekana kwake kunaelezwa na tulichokwisha kukiona, na zile zinazokosekana kwa sababu ya thamani ileile tusiyoiona. Mwaka 2010 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nzima kuhusu jambo hili katika majaribio ya tiba, na likakataa kujaza mapengo kwa kipimo cha mwisho kuwe njia ya kawaida pasipo sababu ya kisayansi. Mwaka 2019 ukapitishwa mwongozo wa nyongeza wa E9, ule mwongozo wa kimataifa wa takwimu katika majaribio ya tiba, unaotutaka tuseme wazi, kabla ya kuchagua mbinu, tunakadiria nini hasa mgonjwa anapoacha dawa njiani: athari ya dawa kama kila mtu angeendelea nayo, au athari ya uamuzi wa kumwandikia dawa hata kama baadaye ataiacha. Hayo ni maswali mawili. Kwa dawa inayotia watu kichefuchefu majibu yake yanaweza kuachana sana, na bado nakutana na mipango ya uchambuzi isiyosema inajibu lipi.

Kilicho chako wewe ni maelezo ya wauguzi. Una sababu za kuacha kwa baadhi ya washiriki, wengine huna, na sababu zenyewe zinavuta pande mbili tofauti. Njia nyingi zilizozoeleka zinawaweka wote kwenye kapu moja. Ungeweza kumjazia aliyeacha kwa nafuu kwa dhana moja, aliyeacha kwa madhara kwa dhana nyingine, na yule asiye na sababu kwa mchanganyiko wa hizo mbili, kisha ukapima jibu linavyoyumba kadiri mchanganyiko unavyobadilika. Usiseme mapema kwamba hakuna aliyelifanya. James Carpenter, James Roger na Michael Kenward walichapisha mwaka 2013 mfumo wa kujaza data mara nyingi kwa kuwafananisha walioacha na kundi la kulinganisha, na wapo waliouendeleza. Soma kwanza hao. Ukikuta swali lako limejibiwa nusu, shukuru, maana nusu iliyobaki ndiyo tasnifu.

Kuhusu uigaji wako, nina mawili matatu ya kukazia kwa sababu hapo ndipo wahakiki watakapokupima. Andika mpango wa uigaji kabla ya kuuendesha, kama unavyoandika mpango wa uchambuzi wa jaribio: lengo, jinsi data zitakavyozalishwa, kinachokadiriwa, mbinu zinazoshindanishwa, na vipimo vya ubora. Tim Morris na wenzake walieleza utaratibu huo vizuri mwaka 2019 katika jarida la Statistics in Medicine. Angalia pia marudio yako. Ukirudia mara 1,000 kukadiria kosa la asilimia 5, makadirio yako yenyewe yana mtikisiko wa karibu asilimia 0.7, yaani ukiona 6 huwezi kuapa kwamba si 5. Ukirudia mara 10,000 unashuka hadi karibu 0.2. Na lililo muhimu kuliko yote, tafuta kwa makusudi hali ambamo mbinu yako inashindwa, uiweke ndani ya makala, mahali pa wazi. Mimi makala ya mbinu isiyoonyesha mbinu ikishindwa huwa siiamini, na humrudishia mwandishi.

Data za washiriki usizichukue. Ni za utafiti ule, kwa ridhaa waliyoitoa na kibali cha kamati ya maadili. Huzihitaji kwa kuanzia, kwa kuwa uigaji unaweza kujengwa juu ya takwimu za jumla zitakazochapishwa kwenye makala. Baadaye ukitaka mfano halisi, omba rasmi, na umkaribishe mtafiti mkuu ashiriki kuandika. Mweleze kwamba ni makala ya mbinu itakayosimama peke yake. Watu wengi hulegea wakijua hawashambuliwi.

Rafiki yako daktari ana hoja, na sitaki umpuuze. Mbinu nyingi huchapishwa na hazitumiki kamwe. Nyingine hupendeza kwenye karatasi lakini hazimshawishi mtu yeyote wodini. Mwaka 1985 lilichapishwa jaribio la mashine ya kuongeza oksijeni kwenye damu nje ya mwili kwa vichanga walioshindwa kupumua. Mgawanyo ulikuwa ukijirekebisha: tiba inayofanikiwa inapata nafasi kubwa zaidi kwa mtoto anayefuata. Mtoto mmoja tu aliangukia tiba ya kawaida, akafariki. Kumi na mmoja waliwekwa kwenye mashine na wote wakapona. Kihisabati ulikuwa muundo wa kuvutia, tena wenye nia njema ya kuokoa watoto wengi kadiri iwezekanavyo. Lakini nani aamue jambo zito kwa kulinganisha na mtoto mmoja? Mabishano yaliendelea miaka, hadi jaribio la Uingereza la vichanga 185 lilipochapishwa 1996: vifo 30 kati ya 93 waliopelekwa kwenye mashine, na 54 kati ya 92 waliopata tiba ya kawaida. Hapo ndipo watu wengi waliposadiki.

Sikuambii hayo ili uyaogope majaribio yanayobadilika njiani. Jaribio la RECOVERY, lililoanza Machi 2020 nchini Uingereza, lilikuwa na muundo wa kuongeza na kuondoa dawa bila kuanzisha utafiti mpya kila mara, na kufikia Juni mwaka huohuo lilionyesha kwamba dexamethasone inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 walio kwenye mashine za kupumulia kwa karibu theluthi moja. Hiyo ni kazi ya mbinu iliyomfikia mgonjwa haraka kuliko nyingi ninazozijua. Kipimo ninachokupa ni hiki: mtakwimu wa kitengo kama chako aweze kuichukua mbinu yako na kuitumia kwenye jaribio lililo mezani pake, na daktari akiisoma aweze kuuliza swali la maana. Kwa hiyo toa msimbo wako hadharani pamoja na mfano uliofanyiwa kazi hatua kwa hatua. Kazi hiyo haina sifa nyingi, ila ndiyo inayoamua kama makala itatumika au itasahaulika.

Sasa nafasi zako mbili.

Ukuu wa kitengo usiupokee sasa hivi. Nasema hivyo nikijua una watoto na nyongeza ya mshahara si kitu cha kudharau. Lakini kazi ile ni bajeti, ajira, ratiba na mikutano, na mtu aliye na swali linalomkosesha usingizi hulipoteza humo taratibu bila kujua. Kama hali ya nyumbani inakulazimu kuupokea, basi dai muda wa utafiti uandikwe kwenye mkataba, na utajwe mtu atakayeshika majaribio yako katika muda huo. Ahadi ya mdomo ya siku moja kwa wiki huliwa na jaribio la kwanza litakalochelewa.

Uzamivu ndio ninaouelekea, lakini si jinsi ulivyo sasa. Mwandikie msimamizi wa lile kundi wiki hii, umuulize mambo mawili. Je, sura moja au mbili za tasnifu zinaweza kuwa za swali lako la wanaoacha dawa njiani? Mbinu za Bayes zinalifaa sana, kwa kuwa dhana kuhusu thamani usizoziona huingia humo waziwazi kama maoni ya awali ambayo madaktari wanaweza kuulizwa na kuyajadili. Msimamizi mzuri ataliona hilo mara moja. La pili, je, utaunganishwa na jaribio linaloendelea, au utapewa nafasi ya mtakwimu anayeandaa ripoti za bodi ya ufuatiliaji?

Hilo la pili nalishikilia sana. Jaribio la FEAST la Kenya, Uganda na Tanzania, lililochapishwa 2011, liliwachukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, kuangalia kama kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka kunawaokoa. Wengi walitarajia kunawaokoa. Bodi ikaona tofauti inayoenda kinyume, ikashauri usajili usitishwe kabla idadi iliyopangwa haijatimia: ndani ya saa 48 walifariki karibu asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Kuna mtu alilazimika kuandaa majedwali hayo, kuyahakiki, na kuyaweka mbele ya bodi akijua maana yake. Wewe umekaa kwenye kiti cha namna hiyo na umetulia moyo. Mtafiti wa mbinu asiyewahi kukikalia hukosa kujua ni maswali gani yanabana na yapi ni ya kupendezesha. Usikiache chote.

Akikubali yote mawili, nenda. Akikataa yote mawili, kaa ulipo, ukuu uukatae kwa adabu, utafute chuo kinachoruhusu uzamivu wa muda wa ziada au wa kuandika makala, na ulipeleke swali lako huko. Ni njia ndefu na utachoka zaidi, ila utakuwa unasoma kitu unachokijali. Akikubali moja, ningechagua lile la kubaki na jaribio.

Hisabati isikutishe, wala usidanganyike kwamba hutaihitaji. Itakubidi urudie nadharia ya ukadiriaji, uelewe vizuri uchambuzi wa muda wa kuishi, yaani wa muda unaopita hadi tukio litokee, na ujifunze lugha ya sababu na matokeo inayotumiwa siku hizi. Chagua makala moja ya msingi, ile ya Rubin inafaa, uisome kwa kalamu mkononi hadi kila mstari ukubali. Umri nao, binti yangu, hapa unakusaidia. Vijana wale wanajua nadharia, lakini wengi wao hawajawahi kusoma daftari la muuguzi na kugundua kwamba mpango wa uchambuzi una kasoro.

Kuhusu jina lako kuishia kwenye shukrani: uandishi huzungumzwa kabla ya itifaki, yaani andiko la mpango wa utafiti, kukamilika, andiko la kuombea fedha likiwa bado linaandikwa, si wakati majedwali yameshatoka. Katika andiko lijalo omba kifungu cha kazi ya mbinu chenye muda na fedha zake. Wafadhili wengi hawakipingi, kwa kuwa hakuna anayetaka kulipia jaribio kubwa lisiloweza kujibu swali lake.

Mkuu wako na chuo wasubiri hadi mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi mtafute yule muuguzi, umuulize kuhusu walioacha kwa kichefuchefu, kisha umwandikie mtafiti mkuu siku hiyohiyo kabla jarida halijaleta nakala ya mwisho ya kuhakiki.